Mwenye kibali mbele ya gwaride la Mfalme

Kila mwezi Juni unapokaribia, swali lilelile huzuka miongoni mwa Waafrika Mashariki wanaoishi Uingereza: je, sisi tuliotoka kwenye jamhuri tunapaswa kwenda kusimama kandokando ya barabara ya The Mall jijini London kutazama gwaride la siku ya kuzaliwa ya Mfalme? Wapo wanaojibu kwamba kwenda huko ni kulishangilia taji lililotutawala. Wapo wanaosema hiyo ni burudani tu, mtu awachukue watoto na chakula chake aende zake. Kwa maoni yangu majibu yote mawili yana kasoro moja, kwa kuwa yanachukulia kwamba kuwapo mahali na kuridhia kila kinachofanyika mahali hapo ni jambo moja, ila la kwanza linaona hatari ndani yake na la pili halioni chochote. Ukweli ni kwamba sheria na desturi za Uingereza zenyewe zimeweka mpaka wazi kati ya kuhudhuria na kutii, na mgeni mkazi anayeujua mpaka huo anaweza kuhudhuria karibu kila sherehe ya kifalme akiwa na kumbukumbu zake zote na uraia wake wote.

Tuanze na gwaride lenyewe. Tangu mwaka 1748 limekuwa likihusishwa na siku rasmi ya kuzaliwa ya mtawala wa Uingereza, na hufanyika katika uwanja wa Horse Guards, nyuma ya ofisi za serikali za Whitehall. Siku hiyo rasmi haina uhusiano na siku halisi aliyozaliwa mtawala: Edward VII alizaliwa Novemba, akapendelea sherehe yake iwe wakati wa kiangazi, na Charles III, ambaye naye alizaliwa tarehe 14 Novemba 1948, anafuata utaratibu huohuo. Zaidi ya askari 1,400 hushiriki, pamoja na farasi wapatao 200 na wanamuziki wapatao 400, na kiini cha shughuli yote ni kuipitisha bendera ya kikosi kimoja polepole mbele ya safu za askari, desturi iliyotoka zama ambazo askari alilazimika kuitambua bendera yake katikati ya moshi wa vita.

Viti vya uwanjani hupatikana kwa kura na kwa malipo, lakini ukingo wa The Mall ni wa kila mtu. Anayefika mapema hupata nafasi ya mbele kwenye vizuizi vya chuma, chini ya miti, mbele ya barabara iliyotiwa rangi nyekundu, na kutoka hapo huona mambo ambayo televisheni haiyaonyeshi. Askari wa vikosi vitano vya walinzi wa miguu huonekana wote sawa kwa koti jekundu na kofia ndefu ya manyoya ya dubu, lakini vifungo vya koti ndivyo vinavyowatofautisha: wa Grenadier vimepangwa kimojakimoja, wa Coldstream viwiliviwili, wa Scotland vitatuvitatu, wa Ireland vinnevinne na wa Wales vitanovitano. Mtoto akishaelezwa jambo hilo mara moja, atashinda asubuhi nzima akihesabu. Jua likiwa kali, askari huzimia wakiwa wamesimama, kama ilivyotokea Juni 2023 katika mazoezi yaliyokaguliwa na Mwanamfalme William. Gwaride likiisha, polisi hujipanga mstari mmoja kukata barabara nzima na kutembea taratibu kuelekea Kasri la Buckingham, na umati wote hufuata nyuma yao hatua kwa hatua hadi kwenye lango, ili uwepo hapo familia ya kifalme itakapotoka kwenye roshani na ndege za jeshi kupita angani. Katika mwendo huo hakuna raia wala mgeni, hakuna anayeulizwa pasipoti wala kadi ya ukazi, na anayetembea bila bendera mkononi hamkeri mtu yeyote.

Uwazi huo ulionekana kwa kiwango kikubwa zaidi Septemba 2022, jeneza la Malkia Elizabeth II lilipowekwa Westminster Hall kuanzia jioni ya tarehe 14 hadi alfajiri ya tarehe 19. Watu wapatao 250,000 walipita mbele yake. Foleni ilifuata ukingo wa kusini wa mto Thames hadi bustani ya Southwark, na kuna nyakati ambapo muda wa kusubiri ulipita saa 24. Kila mtu alipewa utepe wa mkononi wenye rangi na namba, ili akitoka kidogo kutafuta maji au choo arudi mahali pake, na utaratibu huo ulimhusu mstaafu wa Kiingereza sawasawa na mwanafunzi wa Kikenya. Mlangoni kulikuwa na ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, lakini haukuwa ukaguzi wa uraia wala wa itikadi. Waliofuatilia matangazo ya moja kwa moja waliona namna watu walivyotofautiana mbele ya jeneza: huyu aliinama, yule alipiga goti kidogo, mwingine alifanya ishara ya msalaba, na mwingine alisimama wima kwa sekunde chache akaendelea na safari yake. Wote walihesabiwa kuwa wametoa heshima.

Hapa kuna jambo linalowahusu hasa Waislamu, ambao ni sehemu kubwa ya Waswahili wanaoishi Uingereza. Wengi huepuka hafla yoyote ambayo huenda ikawakutanisha na mtu wa ukoo wa kifalme kwa hofu ya kulazimika kuinama mbele ya kiumbe. Hofu hiyo haina msingi. Kasri lenyewe limeeleza kwamba hakuna kanuni za lazima za mwenendo kwa mtu anayekutana na Mfalme. Wanaotaka kufuata desturi ya zamani, mwanamume huinamisha kichwa kidogo na mwanamke hupiga goti kidogo. Asiyetaka husalimia kwa kawaida, na akipewa mkono naye hutoa wake. Nimeshawasikia watu wazima, wenye elimu na kazi nzuri, wakikataa mwaliko kwa sababu ya sharti ambalo halipo, na nimesikitika, kwa kuwa mialiko ya namna hiyo haiji mara mbili.

Ninazungumzia hasa karamu za bustanini. Malkia Victoria ndiye aliyezianzisha katika miaka ya 1860, na hadi leo hufanyika kila kiangazi katika bustani ya Buckingham na katika Kasri la Holyroodhouse jijini Edinburgh. Kwenye karamu moja ya Buckingham huja wageni wapatao 8,000. Mtu hawezi kujiombea nafasi. Hupendekezwa na taasisi, mamlaka ya mtaa au shirika lililoona mchango wake, na ndiyo maana wauguzi, walimu wa kujitolea na viongozi wa jumuiya za wahamiaji huwamo. Malango hufunguliwa saa tisa alasiri, Mfalme hutokea saa kumi, wimbo wa taifa hupigwa, kisha yeye na jamaa zake hutembea katikati ya vichochoro vya watu kuelekea kwenye hema za chai. Kuhusu mavazi, mwaliko hutaja suti kwa wanaume na gauni la mchana kwa wanawake, mara nyingi pamoja na kofia, lakini pia huruhusu waziwazi vazi la taifa la mgeni. Kanzu, joho na kofia ya kiua, au gauni la kitenge lenye kilemba chake, yanakubalika kabisa pale, wala si ukaidi. Kama ningeulizwa na aliyepata mwaliko, ningemwambia avae hivyo, kwa sababu mwenyeji ametangulia kusema kwamba anamkaribisha mgeni kama alivyo, na mgeni anayejificha ndani ya suti ya kukodi hapati faida yoyote.

Sasa tuufikie mpaka wenyewe. Tangu mwaka 2004, mtu mzima anayepewa uraia wa Uingereza huhudhuria sherehe maalumu, na ya kwanza ilifanyika Februari mwaka huo katika eneo la Brent, London, mbele ya Charles mwenyewe, wakati huo akiwa mrithi wa taji. Katika sherehe hiyo raia mpya huapa au huahidi kuwa mwaminifu kwa Mfalme, kwa warithi wake na kwa waandamizi wake kwa mujibu wa sheria. Hapo ndipo utii unapodaiwa kwa kinywa, na matokeo yake si ya maneno matupu. Sheria ya Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili kwa watu wazima, kwa hiyo Mtanzania anayetamka kiapo kile anajiondoa kwenye uraia aliozaliwa nao. Mkenya yuko katika hali tofauti tangu Katiba ya 2010, na Mganda na Mnyarwanda nao wanaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkongo yupo kwenye shida ileile ya Mtanzania. Mtu anayeogopa kusimama The Mall lakini akaenda kuapa bila kulitafakari jambo hilo, eti kwa kuwa ni hatua ya mwisho ya kupata makaratasi, amekosea mpangilio wa hofu zake.

Waingereza wenyewe huguswa mpaka huo unapofifishwa. Kabla ya kutawazwa kwa Charles III tarehe 6 Mei 2023, ilitangazwa kwamba watu wote, waliomo kanisani Westminster Abbey na walioko kwingineko, wataitwa kutamka kwa sauti ahadi ya utii kwa Mfalme. Zogo likazuka, na siku yenyewe Askofu Mkuu wa Canterbury hakuwaita watu bali aliwaalika wale waliotaka kumuunga mkono Mfalme kufanya hivyo, kwa tafakuri ya kimya au kwa kutamka maneno. Mabadiliko hayo yalikuwa madogo kwenye karatasi lakini makubwa kwa maana yake, kwa sababu yalikiri kwamba hata raia aliyezaliwa London hawezi kudaiwa utii kwa kuwa tu ameketi mbele ya televisheni. Kama ni hivyo kwa raia, basi kwa mgeni jambo hilo halina mjadala.

Si jambo geni kwetu pia. Mnyankole au Mkenya anayeishi Kampala hushiriki mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kila Aprili, akavaa fulana yake na kukimbia barabara za Mengo, na hakuna anayesema kwamba tangu siku hiyo amekuwa Muganda.

Hata hivyo, pingamizi la wanaokataa kwenda lina uzito wake, na si haki kulipuuza kana kwamba ni chuki ya watu wasiosahau. Mizinga ya Uingereza iliipiga Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896. Elizabeth alikuwa nchini Kenya Februari 1952 aliporithi taji, na mwaka huohuo, Oktoba, hali ya hatari ilitangazwa katika nchi ileile, ikafuatiwa na kambi za vizuizi na mateso ambayo serikali ya Uingereza ilikuja kuyakiri mwaka 2013, ilipokubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathirika 5,228. Charles III alipozuru Nairobi mwishoni mwa Oktoba 2023 alizungumzia huzuni na majuto makubwa kwa ukatili waliotendewa Wakenya, akauita ukatili usio na kisingizio, lakini hakuomba radhi rasmi. Babu zetu walikuwa chini ya taji hilo bila kuulizwa. Hata baada ya uhuru, Tanganyika iliendelea kumtambua Elizabeth kuwa Malkia wake kwa mwaka mmoja, hadi ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, na Kenya ilifanya vivyo hivyo hadi Desemba 1964. Kwetu jamhuri ilikuwa uamuzi uliofikiwa mapema na kwa makusudi.

Mtu anayeyaweka hayo moyoni na kuamua kubaki nyumbani siku ya gwaride ametumia haki yake, na simlaumu. Ninachopinga ni kumlazimisha mwingine abaki naye, au kumwita msaliti kwa kuwa alisimama mahali pa wazi akatazama. Marais wetu wenyewe walikwenda. Picha ya viongozi wa Afrika, Rais Samia Suluhu Hassan na Rais William Ruto wakiwamo, wakiwa ndani ya basi siku ya mazishi ya Malkia ilizua maneno mengi nyumbani, na wengi waliona fedheha katika basi lile. Mimi niliona marais wa jamhuri wamekwenda kutoa heshima za mwisho kwa mkuu wa nchi nyingine, wakarudi wakiwa marais wa jamhuri zilezile.

Lipo pia suala la fedha. Sherehe ya kumtawaza Mfalme iligharimu hazina ya umma pauni milioni 72, ulinzi wa polisi ukiwamo. Mgeni mkazi anayefanya kazi hukatwa kodi ya mapato kama raia, na juu yake, tangu Februari 2024, mtu mzima anayeomba viza ya muda mrefu hulipa kwa kawaida pauni 1,035 kwa kila mwaka kama tozo ya huduma ya afya. Kwa hiyo akienda The Mall haendi kama mpita njia aliyefadhiliwa, bali kama mmoja wa walioligharimia jambo lenyewe. Na kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola liko zaidi ya hilo, ambalo wengi wetu hatulitumii: Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza anaweza kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge, yaani Bunge lilelile lenye uwezo wa kuamua ufalme upewe nini. Mrundi na Mkongo hawana haki hiyo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni upande mwingine wa uhuru huo. Siku ya kutawazwa, polisi wa London waliwakamata watu zaidi ya 50, miongoni mwao Graham Smith, kiongozi wa kundi la Republic linalotaka ufalme ukomeshwe, pamoja na wenzake watano, kwa kutumia sheria ya utulivu wa umma iliyokuwa imeidhinishwa siku chache tu kabla. Smith na wenzake hao waliachiliwa bila mashtaka, na polisi wakaeleza masikitiko yao. Raia wa Kiingereza anayekamatwa kwa namna hiyo hupoteza siku moja, hupata habari ya gazeti na pengine hufungua madai. Mwenye viza huwaza mambo mengine kabisa: hukumu yoyote ya jinai humfuata kwenye kila fomu ya kuongeza muda, na mwajiri anayemdhamini anaweza kuogopa. Matokeo yake ni kwamba mgeni asiyekubaliana na ufalme hukaa kimya, ilhali mgeni anayetabasamu huonekana kwenye picha za magazeti kama ushahidi kwamba ufalme unapendwa na watu wa rangi zote. Uwazi wa sherehe utakuwa kamili pale tu mwenye kibali atakapoweza kusimama kwenye ukingo uleule akiwa na bango tulivu la kupinga, bila kuhofia makaratasi yake kuliko jirani yake anavyohofia ya kwake. Hadi hapo, wapiga picha na wahariri wasiusome ukimya wetu kama ridhaa.

Na kama ni lazima kuchagua sherehe moja ambayo Mwafrika Mashariki aipe kipaumbele, nisingechagua gwaride la Juni. Ningechagua Jumapili ya pili ya Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, Mfalme anapoweka shada la maua kwenye mnara wa Cenotaph, Whitehall, na taifa zima hunyamaza kwa dakika mbili ifikapo saa tano asubuhi. Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, walipigana kwa jina la mfalme wa Uingereza kuanzia misitu ya Tanganyika hadi Burma, na nyuma yao walikuwapo wapagazi waliokufa kwa maelfu mengi kwa malaria, njaa na uchovu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Karibu na Kasri la Buckingham, kwenye barabara ya Constitution Hill, zipo nguzo zilizozinduliwa na Malkia mwaka 2002 kuwakumbuka watu milioni tano wa bara Hindi, Afrika na Karibi waliojitolea katika Vita viwili vya Dunia, na askari wa farasi hupita hapo wakienda na kurudi zamu. Watalii wengi huwapiga picha farasi bila kuzitazama nguzo.

Mabalozi wa nchi za Jumuiya ya Madola huweka mashada yao pale Cenotaph kila mwaka, wa kwetu wakiwamo. Umati unaosimama Whitehall hauhitaji tiketi. Kinachotakiwa ni kufika mapema, kupita kwenye ukaguzi na kuvaa nguo za baridi. Vyama vya Watanzania, Wakenya na Waganda vilivyoko Uingereza huandaa sherehe za uhuru kila Desemba kwa bidii kubwa, na bidii hiyohiyo ingetosha kuwapeleka watoto wetu Whitehall mwezi mmoja kabla, na kuwaeleza wakiwa palepale kwamba wapo wa kwao waliokufa kwa ajili ya taji hilo na majina yao bado hayajaandikwa.